Kabla Hujamuuliza Binti Yako Ndoto Yake, Hesabu Saa Zake

Nakusalimu kutoka hapa Naivasha, ukiwa kwenye matatu ukielekea kazini, ukiwa jikoni, au ukiwa bado kitandani na simu mkononi. Kaa nami kidogo. Ujumbe wa leo ni mrefu, tena ni wa kunitia aibu mimi mwenyewe. Lakini nimeona nisipoandika nitakuwa nimewadanganya.

Nasema hivyo kwa sababu ya zile picha. Mnazikumbuka. Desemba niliweka hapa picha za mabinti wetu 23, kila mmoja ameshika kadi yenye malengo yake ya mwaka. Mlizipenda sana. Wachungaji wenzangu wawili walinipigia simu wakitaka kujua tulifanyaje, ili nao wafanye makwao. Tangu siku hiyo watu wananiuliza, "Pasta, ile programu ya mabinti inaendeleaje?" Nami najibu, "Mungu ni mwema."

Mungu ni mwema kweli. Lakini hilo halikuwa jibu. Jibu ni hili.

Desemba shule zikiwa zimefungwa, tulikutana na mabinti Jumamosi nne, wa miaka 13 hadi 17. Nilianza na Habakuki sura ya 2, pale Mungu anapomwambia nabii asiyaweke maono kichwani tu bali ayaandike, tena yaonekane wazi. Nikawaambia, lengo lisiloandikwa ni moshi. Kila mmoja akapewa kadi. Juu aandike anataka kuwa nani. Chini yake aandike alama anazolenga. Chini kabisa kulikuwa na mstari ambao niliuandika mimi mwenyewe, nikauchapisha kwenye kadi zote 23: nitasoma saa mbili kila siku nyumbani.

Binti akisema "daktari," nilipaza sauti, "Haleluya!" Kanisa likapiga makofi. Binti akisema "rubani," haleluya nyingine. Mmoja akasema anataka kujifunza kushona. Nikamwambia kwa upole, "Lenga juu, binti yangu." Akafuta, akaandika wakili. Wakati ule niliona nimemwinua. Leo najua nilimfundisha kwamba hapa kanisani kuna malengo ya Pasta, na kazi yake ni kuyakisia.

Usiku wa kufunga mwaka tuliziweka zile kadi madhabahuni, tukazipaka mafuta, tukalia, tukaomba. Tukavuka mwaka.

Kisha shule zikafunguliwa.

Jumapili ya mwisho ya Januari niliwaita mabinti mbele watoe ripoti. Walisimama kwa mstari. Wa kwanza akasema anajaribu. Wa pili akasema anajaribu. Nikafika kwa binti mmoja wa miaka 14, yuko Gredi ya 9. Simtaji jina. Yeye na mama yake wamesoma ujumbe huu kabla yako na wakanipa ruhusa. Nikamwuliza, "Saa mbili kila siku, unasoma?" Akasema, "Hapana, Pasta. Niliacha wiki ya tatu." Nikamwuliza kwa nini. Akatazama chini.

Nikashika maiki, nikasema, "Watu wa Mungu, shetani hana haja ya kumroga mtu kama huyu. Uvivu peke yake unatosha."

Kanisa likacheka. Yeye naye akatabasamu, kama watoto wanavyotabasamu watu wazima wakiwacheka. Nikaendelea na ibada.

Jumamosi iliyofuata hakuja kufagia kanisa. Jumapili hakuja ibadani. Tukiwa mezani mchana ule mke wangu akaniuliza, "Yule mtoto uliyemwita mvivu, unajua anaamka saa ngapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi ulijuaje ni mvivu?" Nikaanza kumweleza habari za nidhamu, kwamba mimi nilisoma kwa koroboi. Akanikatiza. "Ulisoma kwa koroboi. Lakini wewe lini ulipika ukiwa na mtoto mgongoni?"

Sikuwa na jibu. Dada zangu ndio waliopika.

Jumanne usiku tukaenda kwao, mimi na mke wangu, Karagita. Wewe usiyekujua huku, wacha nikueleze. Karagita iko kando ya ziwa, kwenye barabara inayopita mashamba ya maua, na wengi wa wanaoishi pale hufanya kazi katika mashamba hayo. Wengi wa kanisa letu pia. Na kuna jambo moja ambalo kila mtu wa Naivasha analijua, mimi nikiwemo, ila sikuwa nimelileta pamoja na zile kadi hata siku moja. Tarehe 14 Februari watu wa Ulaya wanapeana waridi. Hayo waridi lazima yakatwe, yapangwe kwa urefu, yafungwe na kupandishwa ndege siku kadhaa kabla. Kwa hivyo kuanzia katikati ya Januari kazi inapanda. Mama anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka, anarudi usiku. Ovataimu ya msimu huo ndiyo inayolipa karo na madeni ya Desemba, na hakuna anayeikataa.

Na mama akiwa shambani, nani yuko nyumbani?

Tulifika saa mbili. Binti alikuwa mlangoni anasonga ugali kwenye jiko la makaa. Mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa amefungwa mgongoni kwa leso, amelala, kichwa kimeinama upande. Wa miaka sita alikuwa kitandani na sare ya shule bado mwilini. Ndugu yao wa miaka 12 alikuwa nje na wenzake. Kwenye kona kulikuwa na mitungi mitatu ya maji ya lita 20, ameiteka mwenyewe. Juu ya mitungi, mahali pakavu, kulikuwa na vitabu vyake. Ile kadi yetu alikuwa ameibandika ukutani kwa unga uliokorogwa na maji.

Alipotuona alisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Akasema, "Shikamoo Pasta. Bado sijasoma."

Mpendwa, nimehubiri miaka mingi. Sijawahi kusikia neno lililonichoma kama hilo.

Mama alifika saa tatu kasorobo, na ovaroli ya kazi, vidole vimechorwachorwa na miiba. Akatukaribisha, akatafuta kiti. Kisha akaniuliza kwa adabu lakini bila kuzunguka, "Pasta, umekuja kumalizia kumsema?"

Nikasema hapana. Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Akasema upesi, kama watu wanavyomwambia mchungaji, "Hakuna shida, Pasta." Mke wangu akamshika mkono, akamwambia, "Dada, shida iko. Sema."

Hapo akasema. Dada yake aliye Nairobi anatafuta msichana wa kumlelea mtoto. Alikuwa amemkatalia tangu Novemba. "Lakini Jumapili ile ulisema mbele ya watu wote kwamba huyu ni mvivu. Mimi sipo mchana, Pasta, siwezi kujua. Nilidhani anajitahidi. Nikasema, kama hata Pasta ameona hasomi, pesa yangu naitupa ya nini? Nimemwambia dada yangu ataenda mwezi ukiisha."

Binti alikuwa anakoroga mboga, hakugeuka.

Mama akaongeza swali moja, nalo ndilo lililoanzisha programu upya. "Mlipokuwa mnaandika hizo kadi Desemba, kuna mtu aliniuliza nikiwa kazini nani atabaki na mtoto?"

Hakuna aliyemwuliza. Wazazi hatukuwaita hata siku moja.

Nakuandikia haya kwa sababu najua hauko mbali na mimi. Pengine wewe ni mzazi, mwalimu wa Shule ya Jumapili, au kiongozi wa vijana. Neno lako kwa mtoto si upepo. Nilisema sentensi moja ili watu wacheke, ikaenda nyumbani na mama, ikakaa mezani, ikawa sababu ya kumtoa mtoto wa miaka 14 shuleni. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, bila malipo na kwa lazima. Mimi, mtumishi wa Mungu, nilikuwa nimempa mama sababu ya kuiacha haki hiyo.

Tulimwomba mama atupe muda. Akasema, "Tutaona hadi Pasaka." Nikakubali. Sikustahili zaidi ya hapo.

Jumamosi iliyofuata hatukuimba sana. Tuliwapa mabinti karatasi, tukawaambia wasiandike ndoto yoyote. Tukafanya hesabu. Wiki ina saa 168. Haya, zinaenda wapi?

Nitakuonyesha hesabu ya huyu binti. Shule, kutoka kuondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi kurudi saa kumi na nusu jioni, ni saa 10 kwa siku, saa 50 kwa wiki. Usingizi tukampa saa 8 kwa siku, ambazo kwa kweli hakuwa anazipata. Hizo ni 56. Kula, kuoga, kujitayarisha, saa 2 kwa siku, 14. Kazi za nyumbani, yaani maji, kupika, kufua na mtoto, saa 4 kila siku ya shule, 9 Jumamosi na 8 Jumapili. Hizo ni 37. Nikajumlisha: 157. Nikafurahi. Nikamwambia, "Unaona? Zimebaki saa 11."

Akasema, "Pasta, hatujaandika kanisa."

Tukaandika kanisa. Jumamosi kufagia, kupanga viti na mazoezi ya kwaya, saa 5. Jumapili kufundisha watoto wadogo, ibada, na kikao cha vijana, saa 6. Jumla 11.

Zimebaki ngapi? Sufuri.

Nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Nilikuwa nimemdai saa 14 kwa wiki kutoka mfukoni usio na hata dakika moja. Tena mmoja wa waliomaliza saa zake alikuwa mimi.

Wiki ile nilikuwa nasoma Nehemia kwa ajili ya mahubiri ya ujenzi. Sisi wachungaji tunaipenda sura ya 4, ukuta unapanda, watu wameshika upanga na mwiko. Sura ya 5 tunaipita haraka. Lakini isome leo. Ukuta ukiwa katikati ya kujengwa, watu na wake zao wanalia kwamba mzigo umewazidi, na mabinti wao wameanza kutiwa utumwani kwa sababu ya madeni. Kazi ya Mungu inaendelea kwa nje, na mabinti wanapotea kwa ndani. Angalia alichofanya Nehemia. Alikasirika, akawakemea wakubwa. Kisha katika mstari wa 10 anajitaja mwenyewe: yeye na ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa miongoni mwa waliokopesha. Akasema tuache jambo hili. Alijiweka kwenye orodha.

Bwana Yesu naye, katika Luka 14, anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asikae kwanza chini ahesabu gharama. Mimi niliwafundisha mabinti kuchora mnara. Gharama sikuihesabu. Mnara uliposimama nusu, nikawa wa kwanza kuwacheka wajenzi, kama wale watu wa mstari wa 29 na 30.

Jumapili iliyofuata nilisimama mahali pale pale, nikashika maiki ile ile. Niliwaambia washirika kwamba nilimwita mtoto mvivu bila kujua maisha yake, kwamba si kweli, na kwamba ninamwomba msamaha yeye na mama yake. Nilimtukana hadharani, sikuwa na haki ya kumwomba radhi chumbani. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Baada ya ibada mzee mmoja aliniambia kwamba mchungaji akijishusha hivyo watoto watapanda kichwani. Nilimwambia, "Mzee wangu, mmoja wao karibu apande gari la Nairobi."

Kisha tukalipa gharama. Wacha nikuambie hasa, kwa wale mnaotaka kufanya makwenu.

Kufagia kanisa tukawapa ushirika wa wanaume. Mwezi wa kwanza vumbi lilibaki chini ya viti. Hakuna aliyekufa. Mazoezi ya kwaya kwa mabinti wanaosoma yakawa saa moja tu, Jumapili baada ya ibada. Saa za kanisa zikashuka kutoka 11 hadi 7. Mwalimu wa kwaya alininunia hadi Machi. Nilimwelewa.

Ukumbi tukaufungua siku za shule, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku. Mabinti wanakuja na wadogo zao. Upande mmoja wanasoma, upande mwingine kina mama wawili na nyanya mmoja wanakaa na watoto kwenye mkeka. Nasema wawili, na siku zote huwa zaidi ya mtu mzima mmoja, kwa usalama wa watoto, na mimi mwenyewe sikai na binti yeyote peke yake. Hizo ni saa 10 kwa wiki. Jumlisha na zile 4 za kanisa. Ni 14, zile zile nilizomdai.

Halafu tukawaita wazazi, siku ya mapumziko yao, tukakaa nao kwa chai. Hapo ndipo yule ndugu wa miaka 12 alipotajwa. Mama yake akasema, "Ni mvulana, nitamwambia nini?" Akina mama wengine wakajibu kwa pamoja, "Mwambie maji yako pale." Sasa maji ni kazi yake, na kuwasha jiko pia. Alilalamika wiki mbili. Mgongo wake ni mzima.

Mwisho kabisa, tukawapa mabinti kadi mpya, tupu. Safari hii tulianza na gharama: lengo hili litachukua saa ngapi, zitatoka wapi, na nani nyumbani atanisaidia. Mzazi anasoma, anatia sahihi. Binti wetu akaandika: kumaliza kazi ya hisabati ya kila siku kabla ya kulala. Mahali pa kuandika anataka kuwa nani, akaandika: sijui bado.

Mwaka huu anatakiwa kuchagua mkondo wa shule ya upili, ama sayansi na teknolojia, ama sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Mkono wangu uliwasha kumwambia aandike daktari kama Desemba. Nikasema, "Amina." Nimejifunza kusema Amina kwa "sijui bado." Na yule wa kushona amerudi kwenye kushona. Amina hiyo pia.

Unataka kujua mwisho? Hakuwa wa kwanza darasani. Muhula ulipoisha daftari lake la hisabati lilikuwa na kazi karibu zote, na alama zake zilikuwa zimepanda kidogo. Pasaka ilifika ikapita, na mama hakutaja Nairobi tena. Binti anakuja ukumbini. Mimi ananisalimia kwa adabu na kwa haraka, bado hajarudi kunizoea kama zamani. Namwachia nafasi. Msamaha nao una muda wake.

Nilimwuliza mama kuhusu dada yake. Akasema alipata msichana mwingine, kutoka mahali kwingine. Sijui ana miaka mingapi. Sijui kama alikuwa na kadi ukutani. Namwombea kila Jumanne usiku, na ninakuomba umwombee pamoja nami. Na kama kwenye ploti yenu kuna mtoto wa namna hiyo analea mtoto wa mwenzake wakati wenzake wako darasani, usinyamaze. Zungumza na mwenye nyumba, au piga 116. Ni namba ya watoto, haitozi pesa.

Sasa wewe. Usiandike Amina hapa chini kwanza. Leo jioni kaa na binti yako, au mpwa wako, au yule msichana anayekaa nanyi. Usimwulize anataka kuwa nani. Chukua karatasi, mhesabie saa zake, na usisahau kuandika zile unazochukua wewe. Ukipata sufuri, usimhubirie. Mrudishie hata moja. Kisha rudi hapa uandike Amina.

Tuombe. Baba wa mbinguni, tusamehe tuliowatwika watoto mizigo tukaiita maono. Wakumbuke kina mama walio mashambani usiku huu, ulinde mikono yao. Wape mabinti wetu muda, usingizi, na watu wazima wanaouliza kabla ya kusema. Na lile lengo ulilolipanda wewe ndani yao, hata kama bado hawalijui jina lake, lilinde. Katika jina la Yesu. Amina.

Programu ya Agosti itaanza Jumamosi ya kwanza shule zikifungwa. Safari hii wazazi ndio wanaoanza, saa tatu asubuhi, kuna chai. Njoo na mtoto mdogo ukiwa naye, mkeka upo.

Barikiwa. Ni mimi mchungaji wenu, ambaye bado Mungu anamfundisha.